Je, Wajua? Punje ya Mbaazi Inatosha Kuufunika Mwezi

Muulize mtu yeyote mwezi mpevu una ukubwa gani ukiutazama kutoka hapa chini. Mmoja atasema kama sahani, mwingine atasema kama sinia. Muulize tena: sahani hiyo iwe umbali gani? Hapo atanyamaza, na hapo ndipo swali lenyewe lilipo. Jicho halijui kilomita. Linachopima ni pembe, yaani nafasi ambayo kitu kinachukua mbele yetu kutoka ukingo wake mmoja hadi wa pili. Kikubwa kikiwa mbali huchukua pembe ndogo, na kidogo kikiwa karibu huchukua pembe kubwa. Anayeielewa pembe hii anaweza kulipima anga kwa mkono mtupu, tena hadanganywi kirahisi na uvumi wa simu kuhusu sayari na mwezi. Haya basi, tuanze.

Je, wajua kwamba punje moja ya mbaazi inaufunika mwezi wote?

Usiku wa mwezi mpevu, shika punje ya mbaazi kwa ncha za vidole, nyosha mkono mpaka mwisho, kisha fumba jicho moja. Punje yenye upana wa milimita 6 hivi itauficha mwezi wote. Wengi hudhani itahitajika sarafu kubwa au kifuniko cha chupa, na hawaamini mpaka wajaribu wenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Kipenyo cha mwezi ni kilomita 3,474, na umbali wake wa wastani kutoka duniani ni kilomita 384,400. Maana yake ni kwamba mwezi uko mbali nasi kwa mara 110 hivi ya upana wake. Mbaazi iliyo sentimita 65 kutoka jichoni nayo iko mbali kwa karibu mara 110 ya upana wake. Kwa jicho, vitu hivi viwili ni sawasawa.

Pembe yenyewe ni nusu digrii. Kutoka upeo wa macho hadi utosini ni digrii 90, kwa hiyo kuijaza nafasi hiyo kungehitaji miezi mipevu 180 iliyopangwa ukingo kwa ukingo.

Je, wajua kwamba mkono wako ni kipimo cha anga?

Nyosha mkono tena. Kidole cha mwisho kina upana wa digrii 1 hivi, yaani miezi miwili. Vidole vitatu vya kati vikibanwa pamoja ni digrii 5. Ngumi ni digrii 10. Shubiri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni digrii 20 na zaidi kidogo. Mtoto hupata vipimo vinavyokaribiana na vya mtu mzima, kwa kuwa mwenye vidole vyembamba huwa na mkono mfupi pia. Jaribu kwa Msalaba wa Kusini: kutoka nyota ya juu hadi ya chini ni digrii 6, yaani vidole vitatu na ziada kidogo.

Kwa vitu vidogo zaidi, digrii moja hugawanywa katika dakika 60 za pembe, na kila dakika katika sekunde 60 za pembe. Mgawanyo huo wa sitini sitini tumeurithi kutoka Babeli ya kale, kama ule wa saa. Mwezi una dakika 31 kwa wastani. Jicho lisilo na kasoro linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika 1 hivi. Kilicho chini ya hapo, kiwe sayari au nyota, jicho hukiona kama nukta tu. Kipimo hiki kishike vizuri, maana mengi yanayofuata yanakitegemea.

Je, wajua kwamba jua na mwezi vinalingana angani kwa sadfa?

Kipenyo cha jua ni kilomita 1,392,000, mara 400 ya kile cha mwezi. Umbali wake nao ni kilomita milioni 149.6, karibu mara 400 ya umbali wa mwezi. Ukubwa na umbali vinafutana, jua nalo linabaki na nusu digrii, dakika 32 hivi. Hakuna sheria ya maumbile iliyolazimisha iwe hivyo.

Upana huo ulipimwa zamani sana. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Archimedes wa Sirakusa aliweka silinda ndogo juu ya rula ndefu, akaielekeza kwenye jua lililokuwa likichomoza, kisha akaisogeza silinda mbele na nyuma mpaka akapata mahali ilipoficha jua na mahali iliposhindwa. Alihitimisha kwamba upana wa jua ni mkubwa kuliko sehemu moja ya 200 ya pembe mraba na mdogo kuliko sehemu moja ya 164. Kwa vipimo vyetu, hiyo ni kati ya dakika 27 na 33. Kipimo cha leo kimo ndani ya mipaka yake, na yeye hakuwa na kipande cha lenzi.

Usawa huu ndio unaofanya kupatwa kwa jua kuwe na sura mbili. Njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili: mara husogea hadi kilomita 357,000 hivi, mara hutoka hadi kilomita 406,000 na zaidi. Upana wake angani hubadilika kutoka dakika 29 na nusu hadi 33 na nusu, wakati jua hubaki karibu na 32. Mwezi ukiwa karibu hulifunika jua lote, na mchana hugeuka usiku. Ukiwa mbali hupungukiwa, na pete ya moto hubaki kuuzunguka.

Afrika Mashariki imeziona sura zote mbili katika muda mfupi. Tarehe 3 Novemba 2013, watu wa Pakwach nchini Uganda na wa Turkana nchini Kenya walikuwa kwenye njia ya kupatwa kikamilifu, ingawa kwa sekunde chache tu, kwa sababu siku ile mwezi ulilizidi jua kwa unywele. Tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya kusini mwa Tanzania. Umati ulikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kuitazama pete kwa miwani maalumu. Siku hiyo mwezi ulikuwa na asilimia 97 ya upana wa jua, na hizo asilimia 3 zilizopungua ndizo zilizofanya pete.

Je, wajua kwamba mwezi unaochomoza baharini ni mdogo kuliko wa utosini?

Kila mkazi wa pwani ameuona mwezi mpevu ukitoka majini jioni, mwekundu na mkubwa ajabu, halafu kufikia usiku wa manane umepanda na kunywea. Upime kwa mbaazi mara zote mbili. Punje inaufunika vilevile.

Ukweli ni kinyume cha tunavyoona. Mwezi ukiwa kwenye upeo wa macho, unautazama kutoka ubavuni mwa dunia. Ukiwa utosini, dunia imekwisha kukusogeza kuelekea kwake kwa kadiri ya nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371. Kwa hiyo wa utosini ni mkubwa zaidi kwa asilimia 1 na nusu hivi. Nchi zilizo karibu na ikweta, zetu zikiwemo, ziko katika ukanda ambamo mwezi unaweza kupita utosini kabisa, na tofauti hiyo hufika kilele chake.

Udanganyifu uko akilini. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo karne ya 11, aliueleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir. Tunapotazama upeo wa macho, alisema, kuna ardhi na vitu vingi katikati vinavyotuonyesha kwamba ni mbali, na akili hukihesabu kitu kilicho mbali kuwa kikubwa. Kule juu hakuna kitu cha kulinganisha. Wataalamu wa leo bado wanajadiliana juu ya sehemu kadhaa za maelezo hayo, lakini kwamba jambo lenyewe liko akilini na wala si angani, hilo halina ubishi. Viringisha karatasi iwe bomba jembamba, utazame mwezi unaochomoza kupitia humo, na ukubwa wote ule utapotea.

Vivyo hivyo kwa ule mwezi mkubwa unaotangazwa magazetini mara kadhaa kwa mwaka. Mwezi mpevu ulio karibu kabisa huzidi ule ulio mbali kabisa kwa asilimia 14 ya upana na hung'aa zaidi kwa asilimia 30 hivi. Tofauti ipo na kamera huinasa, ila jicho haliwezi kuulinganisha mwezi wa leo na uliopita miezi saba nyuma.

Je, wajua kwamba jua ukiliona linagusa maji, limekwisha kuzama?

Hewa ya dunia huipinda miale ya nuru, na kadiri miale inavyopita karibu na ardhi ndivyo inavyopindwa zaidi. Kwenye upeo wa macho, hewa hukiinua kitu kwa dakika 34 za pembe. Upana wa jua ni dakika 32. Basi ukingo wa chini wa jua unapoonekana kugusa maji, kama hakungekuwa na hewa ungeshalikosa jua lote. Asubuhi ni kinyume chake: lile jua zima unaloliona limesimama juu ya Bahari ya Hindi, bado liko chini ya mstari wa maji.

Hewa hiyohiyo huinua ukingo wa chini kuliko wa juu, na ndiyo maana jua na mwezi wa upeoni huonekana vimebonyea. Kwenye ikweta jua hushuka karibu wima, hivyo huchukua dakika 2 za saa na sekunde chache tangu kugusa upeo hadi kumezwa. Katika nchi za kaskazini ya mbali hushuka kwa kulala ubavu, na machweo hujivuta.

Je, wajua kwamba tundu la pini litakupa kipenyo cha jua?

Ukikaa chini ya mwembe mchana, utaona madoa ya mwanga ardhini, mengi yakiwa ya mviringo. Matundu baina ya majani hayana umbo la mviringo, ila madoa yanalo, kwa sababu kila doa ni picha ya jua. Siku ya kupatwa kwa jua madoa hayo yote hugeuka hilali.

Sasa fanya kipimo. Toboa katoni kwa pini, uiache miale ya jua ipite tunduni, uipokee kwenye karatasi nyeupe iliyo mita 2 nyuma yake, mahali penye kivuli kizito. Usilitazame jua lenyewe, lipe mgongo. Utapata doa lenye upana wa milimita 18 au 19. Gawanya milimita 2,000 kwa upana wa doa, utapata kama 107. Hiyo ina maana kwamba umbali wa jua ni mara 107 ya upana wake. Gawanya kilomita milioni 149.6 kwa 107, na kipenyo cha jua kiko mkononi mwako: karibu kilomita milioni 1.4. Mwanafunzi wa darasa la saba mwenye rula anaweza kuifanya hesabu hii, na ni vizuri afanye.

Je, wajua kwamba Mirihi haitalingana na mwezi kamwe?

Kila Agosti ikikaribia, ujumbe huzunguka kwenye simu: usiku wa tarehe 27 Mirihi itakuwa kubwa kama mwezi mpevu, na hakuna aliye hai atakayeiona tena. Chanzo chake ni tukio la kweli. Tarehe 27 Agosti 2003, Mirihi ilitukaribia hadi kilomita milioni 55.8, karibu kuliko wakati wowote katika takriban miaka 60,000 iliyotangulia. Hata hivyo upana wake ulikuwa sekunde 25 tu za pembe, chini ya nusu ya kile ambacho jicho linaweza kukitambua kuwa si nukta. Maelezo ya awali yalisema kwamba darubini ya kukuza mara 75 ingeionyesha Mirihi kwa ukubwa ambao jicho tupu huuona mwezi. Hilo ni sahihi: 25 mara 75 ni karibu dakika 31. Ujumbe ulipopita mikononi mwa watu, darubini ikaachwa njiani.

Kipenyo cha Mirihi ni kilomita 6,792, mara mbili ya mwezi. Ili ilingane na mwezi angani ingebidi iwe umbali wa kilomita 750,000 hivi, na njia yake haiileti hata karibu ya hapo. Ukipokea ujumbe huo tena, mjibu aliyekutumia kwa hesabu hii.

Je, wajua kwamba Zuhura hukua mara sita?

Zuhura ikiwa upande wa pili wa jua huwa na upana wa sekunde 10 tu. Ikipita kati yetu na jua huzidi dakika 1 nzima. Ila inapokuwa kubwa hivyo, upande wake ulioangazwa umetupa kisogo, na tunabaki kuona hilali nyembamba. Binokula za kawaida zinatosha kuionyesha hilali hiyo. Galileo aliyaona mabadiliko hayo mwaka 1610, na yakawa ushahidi mkubwa kwamba Zuhura inalizunguka jua.

Tarehe 8 Juni 2004, na tena tarehe 6 Juni 2012, waliokuwa na miwani ya kupatwa walimwona mgeni huyu kama doa jeusi la mviringo akikatiza uso wa jua, karibu sehemu moja ya 32 ya upana wa jua. Atakayefuata atakuja Desemba 2117.

Sayari nyingine zote ziko chini ya kipimo cha jicho. Mshtarii, kubwa kuliko zote, hufika sekunde 50. Zohali bila pete zake haizidi 21. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, chenye upana wa mita 109 na kinachopita kilomita 400 hivi juu yetu, kikiwa utosini huwa na sekunde 55 hivi. Kifaa kilichoundwa na binadamu, kwa pembe, kinaipita sayari ambayo kipenyo chake ni mara 11 ya dunia.

Je, wajua kwamba nyota inayong'aa zaidi siyo iliyo kubwa zaidi?

Tycho Brahe, mpimaji hodari kuliko wote kabla ya darubini, aliamini nyota zenye mwanga mkali zina upana wa dakika 2. Kwa msingi huo aliikataa hoja ya Copernicus kwamba dunia inazunguka jua: kama nyota ziko mbali kadiri hoja hiyo inavyohitaji na bado zina upana huo, basi kila moja ingekuwa kubwa kupita akili. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Kilichomwangusha ni kipimo, maana upana ule ulikuwa mng'ao unaotawanyika ndani ya jicho. Galileo naye alitundika kamba, akarudi nyuma mpaka kamba ikaificha nyota ya Vega, akakadiria upana wake kuwa sekunde 5. Leo tunajua ni karibu sekunde 0.003. Aliikuza zaidi ya mara 1,000.

Nyota ni nukta, na ndiyo maana humetameta: hewa ikiyumba, nukta nzima inayumba nayo. Sayari ina uso, hata kama jicho halioni uso huo, na mayumbo ya sehemu zake mbalimbali hufutana. Tofauti hiyo iliwahi kuleta sayari mpya. Tarehe 13 Machi 1781, mjini Bath nchini Uingereza, William Herschel, mwanamuziki aliyejitengenezea darubini, aliona nyota moja ikinenepa kila alipoongeza ukuzaji, na nyota jirani zikibaki vilevile. Ilikuwa sayari ya Uranusi, yenye upana wa sekunde 3.7.

Kipenyo cha nyota ya mbali kilipimwa kwa mara ya kwanza Desemba 1920 katika kituo cha Mount Wilson, California. Albert Michelson na Francis Pease waliunganisha miale kutoka vioo vilivyoachana kwa futi kadhaa, wakaipima Betelgeuse, ile nyota nyekundu begani mwa Jabari: sekunde 0.047. Ingehitajika kuzipanga Betelgeuse kama 40,000 kufikia upana wa mwezi. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ina sekunde 0.006 tu. Ukiliacha jua, nyota yenye upana mkubwa kuliko zote angani ni R Doradus, sekunde 0.057, iliyopimwa mwaka 1997. Iko katika anga la kusini, na ni hafifu kiasi kwamba mjini huioni kabisa.

Je, wajua kwamba angani kuna vitu vikubwa kuliko mwezi?

Vipo vingi, na tatizo lao ni uhafifu. Kilimia, kundi ambalo wakulima wetu wamelitumia kuhesabu misimu, kina upana wa digrii 2 hivi, miezi minne. Mtu akiambiwa hivyo hushangaa, kwa kuwa huonekana kidogo. Akilifunika kundi hilo kwa gumba ndipo huamini. Wingu la gesi lililo chini ya mkanda wa Jabari lina digrii 1.

Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 2.5, inachukua digrii 3, miezi sita kwa upana. Al-Sufi, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Uajemi, aliiandika mwaka 964 kama wingu dogo, maana jicho tupu huona kiini chake tu. Kwetu itafute upande wa kaskazini usiku wa Novemba. Mawingu ya Magellan yako upande wa kusini, kuanzia Desemba hadi Februari: galaksi mbili ndogo, jirani za yetu. Lile kubwa lina digrii 10 hivi, ngumi nzima, na liko umbali wa miaka nuru 160,000. Watu wa Ulaya hulazimika kusafiri kuja kusini kuyaona. Sisi tunayo bure, mradi tuondoke kwenye taa za mji na tuchague usiku usio na mwezi. Kila mtaa unaowasha taa zinazomulika juu badala ya chini hutufutia galaksi nzima, na hilo ni jambo linalofaa kulalamikiwa.

Je, wajua kwamba mashimo meusi mawili nayo yanalingana?

Sadfa ya jua na mwezi ina mwenzake. Shimo jeusi lililo katikati ya galaksi ya M87 lina uzito wa majua bilioni 6.5 na liko umbali wa miaka nuru milioni 55. Lililo katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, lina uzito wa majua milioni 4 na liko umbali wa miaka nuru 27,000. Moja ni zito kuliko jingine kwa zaidi ya mara elfu, nalo liko mbali zaidi kwa karibu mara elfu mbili. Kwa hiyo pete za mwanga zinazoyazunguka zina pembe zinazokaribiana: sehemu 42 na 52 za milioni za sekunde moja ya pembe. Ni sawa na kuona kutoka hapa kitu chenye upana wa sentimita 8 hadi 10 kilichowekwa juu ya uso wa mwezi.

Darubini moja isingeweza. Aprili 2017, darubini za redio nane, kutoka Hawaii hadi Hispania na Ncha ya Kusini, ziliunganishwa kufanya kazi kama moja yenye upana wa dunia. Picha ya M87 ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, na ya galaksi yetu tarehe 12 Mei 2022.

Je, wajua kwamba kipande kidogo cha giza kina galaksi 10,000?

Mwaka 2004 ilitolewa picha ya darubini ya Hubble iliyoelekezwa kwenye sehemu ya anga inayoonekana tupu, yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya mwezi mpevu. Ndani yake zilihesabiwa galaksi kama 10,000. Ukiishika ile punje ya mbaazi juu ya mahali popote angani, nyuma yake unaficha mamia ya maelfu ya galaksi.

Je, wajua kwamba jua la Neptuni lingekuwa nukta?

Wanaanga wa Apolo waliosimama mwezini waliiona dunia ikiwa na upana wa digrii 2 hivi, karibu mara nne ya mwezi tunaouona sisi. Mtu akiwa Mirihi angeliona jua likiwa na dakika 21 tu, na akiwa Mshtarii dakika 6. Kwenye Neptuni, mara 30 mbali kuliko sisi, jua lingekuwa na dakika 1: mpaka uleule wa jicho. Lingewaka vikali mno, ila jicho lingeshindwa kuamua kama ni duara au ni nukta.

Je, wajua kwamba kupatwa kikamilifu kwa jua kuna mwisho?

Mwezi unatuondokea kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Tunajua hivyo kwa sababu wanaanga wa Apolo 11 waliacha vioo huko Julai 1969, na miale ya leza inayorushwa kutoka duniani hurudi na kutoa umbali kwa usahihi mkubwa. Wataalamu hukadiria kwamba baada ya miaka milioni 600 hivi mwezi utakuwa mdogo mno angani kulifunika jua lote, na zitabaki pete peke yake.

Kizazi hiki hakina sababu ya kungoja. Tarehe 2 Agosti 2027, mwezi utalizidi jua kwa kiasi kikubwa, na giza litadumu hadi dakika 6 na sekunde 23 karibu na Luxor, Misri. Njia ya kivuli itapita pia Jidda na Makka, kisha Yemen na ncha ya kaskazini ya Somalia. Wenzetu wengi wanaishi na kufanya kazi katika miji hiyo. Anayeweza kuwa ndani ya njia hiyo ajipange mapema, apate miwani iliyothibitishwa kwa kazi hiyo, asitumie miwani ya jua ya kawaida wala kioo kilichopakwa moshi. Aliye nje ya njia, popote jua litakapomegeka kidogo, achukue katoni na pini.